Mille Lacs au Lake of the Woods: ziwa lipi la kuvulia wolai Minnesota?

Theluji ikianza kuyeyuka, Waswahili wanaoishi Minneapolis, Brooklyn Park, Rochester na hata Fargo huanza kuulizana: mwaka huu twende Mille Lacs, au tupande juu kabisa hadi Lake of the Woods? Jimbo la Minnesota lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa ekari 10 au zaidi, lakini hayo mawili hayakosi kutajwa panapozungumzwa uvuvi wa wolai (walleye kwa Kiingereza) kwa ndoana kwenye maji makubwa. Nimevua kote kuwili, kiangazi na juu ya barafu, na nayapenda yote mawili kwa sababu tofauti. Anayeniuliza lipi lina samaki wengi humrudishia swali: samaki huyo unataka kumla, au unataka kushindana naye kisha umwachie? Ukishajibu hilo, mengine mengi yanajipanga yenyewe.

Najua yupo atakayeuliza mbona Superior silitaji. Superior ni ziwa la kuheshimiwa, lenye kina kinachofika mita 406, lakini ni ulimwengu mwingine. Huko unakodi boti kubwa lenye nahodha kutoka Duluth, unaburuta chambo kwenye maji baridi ukiwatafuta trauti wa ziwa na salmoni. Anayeanza, au anayetaka kwenda na familia mara kadhaa kwa mwaka, hahitaji kuanzia huko.

Samaki mwenyewe

Wolai ndiye samaki rasmi wa Minnesota tangu 1965. Ana mwili mrefu wa rangi ya zeituni iliyochanganyika na dhahabu, meno makali yaliyoachana, na ncha nyeupe upande wa chini wa mkia. Jicho lake ni kubwa, na ukilimulika kwa tochi usiku linarudisha mwanga kama la paka. Ndani ya jicho hilo kuna utando unaokuza mwanga hafifu. Kwa sababu hiyo wolai huona vizuri alfajiri, jioni na kwenye maji yasiyopitisha nuru, wakati visamaki anavyovinda haviwezi kumwona akija. Jua kali humkera. Siku ya anga safi na maji yaliyotulia hushuka kilindini akatulia. Siku ya mawingu na mawimbi madogo hupanda kutafuta chakula. Ukilielewa jicho hilo, utaelewa kwa nini maziwa haya mawili, yanayokaliwa na samaki yuleyule, yanavuliwa kwa namna mbili zisizofanana.

Rekodi ya jimbo ni wolai wa pauni 17 na aunsi 8 aliyenaswa Mto Seagull mwaka 1979. Wa kuliwa ni wale wa inchi 14 hadi 18. Nyama yake ni nyeupe, haina shombo, na ukishatoa minofu vizuri miiba ni michache mno. Aliyekulia kwenye sangara atamkubali mara moja, ila akumbuke kwamba mnofu wa wolai hauna mafuta mengi, kwa hiyo ukiukaanga muda mrefu unakauka. Dakika chache tu kwenye mafuta yaliyopata moto sawasawa, ndimu, chumvi na pilipili, umemaliza. Kwa mchuzi wa nazi, mtie mwishoni kabisa, mchuzi ukiwa umeshakuwa mzito.

Anza na rangi ya maji

Mille Lacs ni ziwa la mviringo lenye ukubwa wa kilomita za mraba 536 hivi, na mahali penye kina kirefu kuliko pote hapazidi mita 13. Nusu ya kaskazini ina majukwaa ya matope yaliyoinuka kutoka kwenye sakafu ya ziwa. Kusini kuna miamba na changarawe. Zamani maji yake hayakuwa angavu kama yalivyo leo. Mwaka 2005 waligunduliwa humo kome pundamilia, wageni kutoka upande wa Bahari ya Kaspi na Bahari Nyeusi, ambao kila mmoja huchuja maji mchana na usiku. Mwaka 2009 wakaonekana viroboto wa maji wenye miiba, wanaokula vijidudu vile vile wanavyohitaji samaki wachanga. Juhudi za kupunguza uchafu wa vyoo na mashamba nazo zilikuwa zimeshaanza kuyasafisha maji. Matokeo yake leo unaweza kuona jiwe lililolala futi nyingi chini yako. Ni maji ya kupendeza kwa macho, lakini kwa wolai ni kama nyumba iliyoezuliwa paa.

Kwa hiyo Mille Lacs anayetaka wolai aende jua linapozama, au usiku, au siku upepo unapoyachafua maji. Njia inayopendwa huko ni ya boya linaloteleza juu ya uzi: unafunga kifundo kwenye uzi kwa kipimo cha kina unachotaka, boya linakwama hapo, na chini yake ananing'inia ruba hai kwenye ndoana ndogo yenye chubwi jepesi. Unakaa juu ya ukingo wa jukwaa la matope mwezi wa Juni, huongei sana, unalitazama boya. Likizama, usiharakishe; mpe nafasi amgeuze ruba mdomoni, kisha kaza uzi na uvute. Ni uvuvi wa subira, na watoto wanaupenda kwa sababu wanaona kinachotokea.

Lake of the Woods ni jambo jingine. Ziwa hili lina takriban kilomita za mraba 4,350, limegawanyika kati ya Minnesota, Ontario na Manitoba, na visiwa vyake vinapita 14,000. Upande wa kusini, ambao ni wa Minnesota, ni uwanja mkubwa wa maji ya kina cha wastani. Visiwa vingi na vilindi viko kaskazini, Kanada. Mito inayoingia hupitia kwenye mabwawa ya mboji na kuja na maji ya rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo ndiyo baraka ya ziwa. Wolai haoni sababu ya kungoja giza, kwani kwake saa nne asubuhi ni kama magharibi. Utawapata mchana kweupe, ukiwa umetia nanga, ukipandisha na kushusha jigi, yaani ndoana yenye kichwa kizito, iliyotiwa kisamaki kilichogandishwa. Jigi ya rangi ya dhahabu au waridi huonekana vizuri zaidi kwenye maji yale. Wenyeji watakuambia hivyo kabla hujauliza. Katikati ya kiangazi samaki wanapotawanyika, wengi huacha nanga na kuburuta chambo bandia au minyoo nyuma ya vipande vya bati vinavyozunguka.

Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Mtu mwenye siku moja tu ya mapumziko, anayelazimika kuvua mchana, ana nafasi nzuri zaidi Lake of the Woods. Bahati mbaya, ndilo lililo mbali.

Umbali na boti

Kutoka Minneapolis hadi Garrison, mji ulio ukingoni mwa Mille Lacs, ni kama maili 100. Unatoka kazini saa tisa, saa kumi na moja umeshafika. Hadi Baudette, lango la Lake of the Woods, ni karibu saa tano za kuendesha, na njiani vituo vya mafuta vinazidi kuachana kadiri unavyokwenda. Hiyo si safari ya jioni; ni ya kulala angalau usiku mmoja. Baudette wenyewe wanajivunia sanamu ya wolai yenye urefu wa futi 40 iliyosimama hapo tangu 1959, na watoto watataka kupigwa picha.

Mille Lacs ina sehemu kadhaa ambapo mtu asiye na boti anaweza kuvua kutoka ukingoni, kama kizuizi cha mawe cha Garrison au gati la hifadhi ya Father Hennepin karibu na Isle. Mwanzoni mwa msimu, katikati ya Mei, wolai huwa bado karibu na mawe ya ukingoni usiku, na mwenye mabuti marefu ya mpira anaweza kuwafikia bila chombo chochote. Lake of the Woods bila boti unabaki mtoni, Mto Rainy, au kwenye ghuba ya Zippel.

Ushauri wangu kwa asiye na boti, katika maziwa yote mawili, ni kupanda boti za pamoja ambazo hoteli za uvuvi huziendesha. Unalipia kiti, unakuta fimbo, chambo, nahodha na msaidizi wa kumtoa samaki ndoanani. Hujahitaji kununua kitu zaidi ya leseni. Nahodha anajua samaki walikuwa wapi jana, na maarifa hayo peke yake yanarudisha pesa yako. Anayetaka kukodi boti na kujiendesha mwenyewe afikirie upepo kwanza. Mille Lacs ni duara lisilo na kisiwa kikubwa cha kujikinga, na kwa kuwa halina kina kirefu, mawimbi yake huja ya karibu karibu na yenye ncha. Ule uwanja wa kusini wa Lake of the Woods ni mkali vilevile, na ni mkubwa zaidi. Boti la futi 14 linalofaa ziwa dogo la mjini halifai hapa siku ya upepo. Watoto walio chini ya miaka 10 sheria ya Minnesota inawalazimisha kuvaa jaketi la kujiokolea boti linapotembea. Mimi nasema kila mtu alivae, na hasa sisi tusiojua kuogelea vizuri, kwa sababu maji ya Mei yanaweza kumkata mtu pumzi kwa baridi kabla hajaita msaada.

Wangapi utarudi nao nyumbani

Hapa ndipo wengi wanapokasirika na Mille Lacs, na ndipo nawaomba waelewe kisa chake.

Ziwa hili lipo katika ardhi ambayo watu wa Ojibwe, wenyeji asilia wa eneo hili, waliikabidhi kwa mkataba wa 1837, huku wakibakiza haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya. Kwa miaka mingi jimbo halikuitambua haki hiyo. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba haki ile haijafa. Tangu hapo kiasi cha wolai kinachoweza kuvuliwa kila mwaka hupangwa kwa pamoja na kugawanywa kati ya jimbo na jamii nane za Ojibwe. Utasikia mvuvi akiwatupia Waojibwe lawama za kupungua kwa samaki. Sikubaliani naye. Wolai wachanga walikuwa wakitotolewa, ila wengi hawakufika utu uzima: maji yalikuwa yamebadilika, chakula kimepungua, na samaki wala wenzao wameongezeka. Kanuni zilizobanwa zilikuwa jaribio la kuokoa kizazi kilichobaki. Mwaka 2015 uvuvi wa wolai kwa upande wa jimbo ulifungwa mwanzoni mwa Agosti, na mwaka 2016 msimu ulianza kwa agizo la kuachia kila mmoja. Baadaye hali imekuwa nzuri na kanuni zimelegezwa, lakini hubadilika mwaka hata mwaka, na wakati mwingine katikati ya msimu. Kabla ya kuondoka nyumbani soma tangazo la Idara ya Maliasili ya jimbo, inayojulikana kwa herufi DNR, la ziwa hilo kwa jina.

Lake of the Woods kanuni zake zimetulia zaidi. Upande wa Minnesota, mtu mmoja anaruhusiwa jumla ya samaki sita wa aina ya wolai na soga, na katika hao sita wolai wasizidi wanne. Soga ni binamu mdogo wa wolai, ana madoa kwenye pezi la mgongoni na hana ile ncha nyeupe mkiani. Ladha ni ileile, kwa hiyo usimdharau. Wolai mwenye urefu wa inchi 19.5 hadi 28 lazima arudishwe majini palepale, kwani hao ndio mama wa ziwa. Anayezidi 28 unaweza kumchukua mmoja tu, na nakusihi usimchukue: nyama yake ni ngumu, zebaki aliyokusanya mwilini ni nyingi kuliko ya mdogo, na mayai yake yana thamani kuliko chakula cha jioni moja. Idara ya Afya ya Minnesota ina mwongozo wa kiasi cha samaki wa kula kwa sababu ya zebaki. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto wanapaswa kula wolai kwa kipimo.

Ziwa hili nalo liliwahi kuvuliwa kupita kiasi. Katika miaka ya 1980 jimbo lilikomesha uvuvi wa kibiashara wa wolai kwa nyavu upande wake, na matunda yake ndiyo tunayoyala.

Kama shabaha yako ni kujaza friza kwa halali, basi ziwa lako ni Lake of the Woods. Ukitoa minofu ya kusafiri nayo, acha kipande cha ngozi yenye magamba chenye upana wa inchi moja kwenye kila mnofu, ili askari wa maliasili akikusimamisha barabarani aweze kutambua ni samaki gani. Usiigandishe minofu yote ikawa bonge moja. Askari lazima aweze kuihesabu.

Mpaka wa Kanada

Jambo hili halitajwi sana na waongozaji wa Kimarekani, kwa sababu kwao ni dogo. Kwa wengi wetu si dogo.

Kipande cha Minnesota kiitwacho Northwest Angle kimekatwa na maji kutoka sehemu nyingine ya jimbo. Chanzo chake ni ramani yenye makosa iliyotumiwa katika Mkataba wa Paris wa 1783. Uvuvi wake ni mtamu ajabu: visiwa, miamba, maski (samaki wawindaji warefu) wakubwa, upepo mchache. Lakini kwenda kwa gari unavuka mpaka kuingia Manitoba, kisha unavuka tena kuingia Marekani, na kurudi vivyo hivyo. Mwenye uraia wa Marekani ana pasipoti yake na yamekwisha. Mwenye kadi ya kijani achukue kadi na pasipoti halali ya nchi yake. Ambaye kesi yake ya ukimbizi bado inaendelea, au anangoja karatasi, asivuke mpaka huo kwa ajili ya samaki. Kutoka nje ya Marekani bila ruhusa ya maandishi kunaweza kuharibu kesi nzima. Aulize mwanasheria wake kwanza. Ikiwa anaitamani sana Angle, zipo huduma za boti zinazovuka ziwa kutoka ukingo wa kusini kwa kupita ndani ya maji ya Marekani. Akiwa huko, asikilize nahodha kuhusu mstari wa mpaka, kwani haujachorwa juu ya maji. Kuvua upande wa Ontario kunahitaji leseni ya Ontario, na chambo hai hakiruhusiwi kuingizwa Kanada.

Mille Lacs haina mtihani huo. Iko ndani kabisa ya jimbo moja. Mtu ambaye karatasi zake hazijakamilika, na ambaye roho yake haitatulia karibu na mpaka, aende Mille Lacs na avue kwa amani.

Leseni yenyewe si tatizo. Mwenye miaka 16 na zaidi anahitaji leseni. Aliyekaa Minnesota siku 60 mfululizo anahesabiwa mkazi na hulipa bei ya mkazi. Leseni ya mwaka huanza Machi 1.

Juu ya barafu

Nikimpeleka mgeni kutoka Mombasa au Bukavu kuvua kwa mara ya kwanza, na ni Januari, nampeleka Lake of the Woods bila kusita. Hakuna ziwa jimboni lililopanga uvuvi wa barafu vizuri hivyo. Hoteli za ukingo wa kusini hulima theluji na kutengeneza barabara juu ya ziwa, zinapima unene wa barafu kila siku, na kukupeleka kwa magari ya minyororo hadi kwenye kibanda chenye jiko la gesi. Matundu yameshatobolewa kwa keekee. Unakuta benchi, unavua koti, unateremsha jigi. Vipo pia vibanda vya kulala, vyenye vitanda na jiko la kupikia, na usiku unaamshwa na kengele ndogo iliyofungwa kwenye fimbo. Kiangazi sheria inakuruhusu uzi mmoja. Kwenye barafu unaruhusiwa nyuzi mbili. Desturi ni kuwa na fimbo moja unayoichezesha mkononi kuwaita samaki kwa mlio na mng'aro, na nyingine imetulia na kisamaki hai pembeni. Mara nyingi ile iliyotulia ndiyo inayoliwa.

Na maji yale ya rangi ya chai, hata yakiwa chini ya barafu na theluji, bado yanakupa samaki mchana.

Mille Lacs nayo ina vibanda vingi vya kukodi na ni karibu. Lakini msimu wa wolai huko, kama kwenye maziwa mengi ya ndani ya jimbo, hufungwa Jumapili ya mwisho ya Februari. Lake of the Woods huendelea hadi Aprili 14. Mwezi mzima wa Machi, jua limeanza kupasha uso na barafu bado nene, samaki wanajisogeza kuelekea mahali pa kutagia, na wewe una ruhusa. Kwangu mimi Machi ndio mwezi bora kuliko yote katika mwaka wa mvuvi. Mto Rainy wenyewe, kuanzia Machi 1, wolai wake ni wa kuachia tu hadi kufungwa Aprili 15, na barafu ikishapasuka mtoni watu hutoka mbali kuja kuwavua wale mama wakubwa na kuwarudisha.

Kuhusu usalama nitasema wazi. DNR inashauri inchi 4 za barafu mpya na angavu kwa mtu anayetembea, 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji, 9 hadi 10 kwa gari dogo, na 13 kwa lori dogo la kati. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, hesabu nguvu yake kuwa nusu. Ziwa kubwa halina barafu ya unene mmoja. Lina nyufa zinazofunguka kwa upepo na matuta yanayosukumwa juu. Mwishoni mwa Novemba 2022, kwenye Upper Red Lake, ziwa jingine la kaskazini mwa Minnesota, watu zaidi ya 100 walijikuta juu ya kipande cha barafu kilichojitenga na ufuko, wakaokolewa kwa boti. Wasio wenyeji wasiende mapema na peke yao. Ingia kupitia hoteli inayotunza barabara yake, lipa ada ya barabara, uliza maswali. Ndani ya kibanda, gesi ya jiko hutoa hewa isiyo na harufu inayoua. Chukua king'ora cha kuitambua hewa hiyo, na uache tundu la kupitishia hewa hata kama baridi inauma.

Mavazi nisiyarefushe: sufu mwilini badala ya pamba, mabuti yenye nafasi ya soksi mbili, na glavu za akiba, kwani jozi ya kwanza italowa.

Kama unataka kupigana

Hapa Mille Lacs inaamka. Maji yaleyale angavu yaliyomkera wolai yamemfaa besi mdomo-mdogo, samaki wa rangi ya shaba anayewinda kwa macho juu ya mawe. Mwaka 2017 jarida la Bassmaster liliiweka Mille Lacs kuwa ya 1 katika orodha ya maziwa bora ya besi Marekani nzima. Besi wa pauni tano akinasa, anaruka hewani mara tatu nne, anazama, anaruka tena. Kiganja kinauma. Ukingo wa kusini wenye mawe, Juni au Septemba, kwa fimbo ya wastani na chambo laini cha mfano wa kamba wa maji baridi, utapata burudani ambayo wolai hawezi kukupa. Wolai, tuseme ukweli, anavutika kama mzigo unaotikisa kichwa.

Yupo pia maski, paiki mkubwa wa maji haya, ambaye watu humrushia chambo siku nzima bila kumwona. Novemba 2022 alinaswa Mille Lacs maski wa inchi 58.25, akapimwa na kuachiwa, akaingia kwenye rekodi za jimbo. Lake of the Woods ina maski pia, hasa karibu na Angle na upande wa Kanada, na kwa wingi pengine inashinda; kwa ukubwa wa mmoja mmoja ningekwenda Mille Lacs mwishoni mwa vuli.

Lakini Lake of the Woods na Mto Rainy vina kitu ambacho Mille Lacs haina: stajoni. Huyu ni samaki wa kale, hana magamba bali vigae vya mfupa mgongoni, na wengine wana umri wa kumzidi babu yako. Mwishoni mwa karne ya 19 walivuliwa kwa ajili ya mayai yao hadi karibu kuisha, kisha viwanda vya karatasi vikauchafua mto. Sheria za maji safi za miaka ya 1970 ziliurudishia mto uhai na stajoni wakarejea polepole. Sasa mtu anaweza kutia nanga mtoni mwishoni mwa Aprili, akaweka bonge la minyoo na visamaki chini kabisa kwa chubwi zito, na kushikana na samaki mrefu kuliko yeye. Kuchukua mmoja kwa mwaka kunahitaji lebo maalumu na vipimo mahsusi, na kuna majuma ambayo uvuvi wao umefungwa kabisa. Mimi huwaachia wote. Samaki anayehitaji zaidi ya miaka 20 kabla jike hajataga kwa mara ya kwanza hastahili kuishia kwenye sufuria yangu.

Ukienda yote mawili

Wapo watakaochagua njia ya kati: Mille Lacs mara mbili tatu kiangazi, Lake of the Woods mara moja Machi. Ni mpango mzuri, nami naufuata. Jambo moja tu ukiwa na boti yako. Mille Lacs ina kome pundamilia, na wachanga wao hawaonekani kwa macho. Wanasafiri ndani ya maji yaliyobaki kwenye boti na ndoo. Kabla ya kuondoka kwenye maegesho chomoa kizibo cha boti, mwaga maji yote, ondoa majani kwenye trela, na maji ya chambo yabadilishe kwa maji ya bomba uliyokuja nayo. Sheria inadai hivyo, na faini ipo. Kisha iache boti ikauke juani siku kadhaa kabla ya kuiingiza ziwa jingine. DNR inapendekeza angalau siku tano.